Milimita Kumi na Mbili

Saa tatu kamili asubuhi, hata Jumapili, hata Krismasi,
baba alivuka ua kwenda kwenye kile kikopo cha shaba,
akamimina kilichomo katika bilauri yenye mistari,
akainama hadi jicho lilingane na maji.
Mara nyingi lililingana na hewa.
Akaandika: sifuri.
Kirumbuyo alikuwa na sifuri nzuri, ya duara,
iliyofungwa vizuri pale juu, isivuje.

Tulikaa Arusha Chini, ng'ambo ya miwa,
mahali ambapo aliyesema dalili ya mvua ni mawingu
hakuwahi kulala hata usiku mmoja.
Kwetu mawingu ni dalili ya Kibosho.
Yanasimama kule, yanainyeshea migomba ya watu,
na sisi tunaletewa habari na mto.
Siku ya sifuri Kikuletwa ungeweza kufura,
mwekundu, na ndala moja ya mtu wa Weruweru juu yake,
huku vumbi la uani likingoja zamu yake.

Kulikuwa pia na kibanda cheupe chenye matundu,
vipimajoto viwili ndani vimelala kama wagonjwa.
Kimoja kilikumbuka ukali wa mchana,
kingine kilikumbuka alfajiri.
Februari: thelathini na saba, thelathini na saba, thelathini na nane.
Baba hakusema joto. Alisema, "Imesoma."

Mwaka ule vuli haikuja, masika yakaja siku tatu
kama jamaa aliyefuata mahari tu.
Septemba nilikuwa na miaka minane
na nilikionea huruma kikopo.
Kila siku mdomo wazi, kila siku sifuri.
Usiku nikachota nusu kikombe kwenye ndoo,
maji ya kunywa, ya kununua, yaliyoletwa na punda,
nikakinywesha.

Asubuhi baba aliinama, akakawia kuinuka.
Akatazama mbingu: tupu.
Akatazama chini: vumbi halina hata kovu la tone.
Akatazama mlango wa jiko, nami nimesimama mlangoni.
Akaandika kumi na mbili nukta sifuri.
"Kazi yangu," akasema, "ni kusoma kilichomo."

Leo niko mjini Moshi, ofisi ya bonde, ghorofa ya pili,
naingiza madaftari ya zamani kwenye kompyuta,
nasafisha.
Nimeshafuta mwezi wa bwana mmoja aliyekwenda msibani Same
akarudi, akaijaza Juni yote kwa tarakimu moja.
Nimefuta wiki tatu za mjusi aliyezaa ndani ya kikopo.
Leo nimeikuta yangu.
Mtu fulani aliizungushia penseli nyekundu, akaweka alama ya kuuliza,
kisha akaiacha ipite,
na kwenye ramani ya Septemba, chini ya miwa,
pana doa la kijani, dogo kama punje ya choroko.
Bonde zima la kahawia, na huruma yangu.

Nikasogea safu ya pili, ya alfajiri.
Mwandiko uleule. Kumi na sita. Kumi na saba.
Daftari baada ya daftari, wino mweusi, wino wa bluu,
kumi na tisa, ishirini, mwandiko unaanza kutetemeka,
ishirini na moja.
Usiku umeacha kupoa, Kirumbuyo,
na hili hakuna mtoto aliyelimimina.

Nimempigia. Hakuuliza nimekula nini.
"Huko kwenu imesoma ngapi?"
Nikamwambia, sifuri.
"Na ile ya Septemba?"
Miaka thelathini na moja, ndiyo kwanza ameitaja.

Sikuifuta. Kwenye safu ya maelezo nimeandika:
Si mvua. Maji ya kunywa, nusu kikombe.
Msomaji alijua.

Kisha nikafungua Oktoba.